Alilolijua Mke wa Fundi Saa

Dada yangu ana wivu. Hilo si siri wala si tusi, mwenyewe hulisema kabla hujalisema wewe. Alipoolewa na shemeji, fundi wa saa, alikaa mwezi mzima akijifanya anapita tu mbele ya kibanda chake ili aone ni wanawake gani wanaoleta saa zenye mikanda myembamba. Mmoja alileta saa ileile mara tatu. Mara ya nne dada aliipokea yeye, akaiweka sikioni, akasikiliza, akamrudishia. "Hii saa nzima, bibie," alimwambia. "Kinachochelewa ni wewe kuondoka."

Kusema kweli, shemeji hakuwa mtu wa kuonewa wivu. Alikuwa mfupi, mkimya, jicho moja dogo kuliko jingine kwa kulifinya kwenye lenzi miaka nenda miaka rudi. Ukimwuliza habari za asubuhi alijibu "njema", kisha akakaa akifikiria kama ni kweli. Dada ni mshonaji, kama mimi, duka letu liko mbele ya nyumba yao, na ana maneno ya watu wawili. Kwa miaka ishirini na sita alimsemea. Mgeni akiuliza swali, dada anajibu. Binti yao akipiga simu kutoka huko alikoolewa, dada anasema, "Baba yako hajambo, anakusalimu," na baba mtu amekaa pembeni hajafungua mdomo. "Huyu namjua kama kiganja changu," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Ugonjwa ulianza kwa mshipi wa suruali. Kila wiki mbili shemeji alitoboa tundu jipya. Halafu macho yakawa ya njano, na hapo hakukuwa na wa kudanganywa. Ilikuwa saratani ya kongosho, tena imeshatambaa hadi kwenye ini, kwa hiyo haikuwa ya kukatwa kwa kisu. Dripu ya kwanza aliyopewa, ile wanayopewa wote, ilimshikilia miezi mitano. Baada ya hapo uvimbe ukaizoea, ukaanza kukua tena.

Ndipo daktari akatuita ofisini, sisi watatu, akatueleza habari za majaribio. Kulikuwa na dawa mbili, alisema, moja ya dripu na nyingine ya vidonge. Kila moja ilikuwa imeshajaribiwa peke yake kwenye saratani sugu za namna hii, na kila mara uvimbe ulipata pa kupenyea. Sasa walitaka kuzitoa pamoja, moja ifunge mlango wa mbele na nyingine wa nyuma.

"Na zitaponya?" dada aliuliza.

"Hatujui, mama. Ningejua nisingeiita majaribio. Kwanza tunataka kuona mwili utavumilia kiasi gani. Watu wachache wanapewa dozi ndogo. Wakivumilia, kundi linalofuata tunalipandishia kidogo. Mzee hapa atakuwa kundi la tatu."

"Na asipovumilia?"

"Tunapunguza, au tunasimamisha. Na mwenyewe anaweza kujitoa siku yoyote, wala hatudai sababu."

Shemeji alikohoa. "Mkipunguza," alisema, "dawa itaendelea kufanya kazi?"

"Hilo nalo hatujui," daktari alijibu.

Nilimwona shemeji akilipokea jibu lile, akalifungia mahali kichwani. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa kumi na nne. Alikwenda nayo nyumbani, akaisoma yote kwa lenzi yake ya kazi, akarudi na maswali saba. Akatia sahihi.

Kisha akaja yule nesi.

Kila mgonjwa wa majaribio alipewa nesi wa kumfuatilia. Wa shemeji alipiga simu kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, hapunguzi dakika wala hazidishi. Alimwuliza amelalaje, amekula nini, ametapika mara ngapi, choo kikoje, vidole vinahisi nini. Na shemeji, ambaye kumtoa neno ilikuwa kama kukamua jiwe, alijibu! Alichukua simu, akatoka uani, akakaa kwenye ngazi ya nyuma akaongea robo saa nzima. Siku moja alicheka. Mimi na dada tulikuwa ndani tunakata kitambaa cha sare za shule. Mkasi wa dada ukasimama katikati ya mkono wa shati.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia nini? Mtu kacheka."

"Choo kinachekesha nini?"

Nikamwambia ashukuru mumewe anacheka. Akaniangalia kana kwamba nimehamia upande wa adui. Tangu siku hiyo akamwita yule nesi "mke mwenza wa simu", na ikifika saa nne kasorobo anaanza kugongagonga vyombo.

Pamoja na simu kulikuwa na daftari. Mgonjwa alitakiwa aandike kila siku, kwa mkono wake, jinsi alivyojisikia, na nesi alisome siku ya kliniki. Shemeji aliliweka kwenye droo yenye vioo vya saa, na dada akawa anaizunguka droo ile kama paka na kabati la maziwa. Siku za kliniki shemeji alinyoa ndevu na kuvaa shati la bluu. Dada alimwambia hospitali hawapimi ndevu. Shemeji akajibu, "Naenda kwa watu."

Hapo dada akaapa atamwona huyo mtu. Kliniki iliyofuata alivaa gauni aliloshona kwa ajili ya harusi ya binti yake, akapaka wanja, akaongozana naye. Mimi nilibaki dukani nikisubiri habari za vita.

Alirudi mchana, akakaa kwenye mashine yake bila kuvua viatu.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Ni mzee kama mimi," alisema. "Miguu imevimba, amevaa ndala. Ana miwani iliyofungwa kwa plasta. Kalamu tatu mfukoni, zote hazina vifuniko." Akavua kiatu kimoja. "Angekuwa msichana mzuri ningejua la kufanya."

Nilimwelewa. Msichana mzuri angekuwa ameiba macho ya shemeji, na macho hurudi. Huyu wa ndala alikuwa amepata mazungumzo ya shemeji, kitu ambacho dada alidhani hakipo. Alidhani shemeji hana maneno. Kumbe alikuwa nayo, ila hakuwa ameombwa, au hakuwa amepewa nafasi. Hilo ndilo lililomchoma.

Wiki ya saba ya dawa zile picha ya kwanza ilitoka, na uvimbe ulikuwa umepungua karibu theluthi. Tulikumbatiana kwenye korido mpaka mlinzi akatuomba tupishe njia. Shemeji alitaka kumwambia nesi yeye mwenyewe. Nesi alikwishajua, bila shaka, kwa maana picha ilipita mikononi mwake, lakini alimwacha amweleze mwanzo hadi mwisho. Dada aliona na hilo pia.

Jumamosi ya wiki ileile shemeji alipokwenda kunyolewa, dada alifungua droo. Hakunificha. Aliniita nisome naye, nikakataa, akanisomea kwa sauti. Mengi yalikuwa ya kawaida: kichefuchefu kidogo, nimekula nusu, nimetembea hadi kituoni na kurudi. Halafu akafika ukurasa mmoja, akausoma polepole, neno kwa neno. Shemeji alikuwa ameandika: "Jumanne. Nimeogopa kufa. Nimelia bafuni, nimefungulia maji ili mke wangu asisikie."

Alilirudisha daftari mahali pake, juu ya vioo, likiwa limenyooka kama alivyolikuta. Lakini kifua hakikumwezesha kusubiri. Shemeji aliporudi, kichwa kinang'aa, alimkuta amesimama mlangoni.

"Miaka ishirini na sita, baba," dada alisema. "Sijawahi kuona chozi lako. Leo unamwandikia mwanamke wa hospitali."

Shemeji hakuuliza amejuaje. Alikaa kitini taratibu. "Ningekuambia," alisema, "ungeacha kula. Halafu ningekuwa na kazi mbili, ya kuogopa na ya kukubembeleza wewe. Yule nikimwambia anaandika tu, anauliza swali linalofuata."

Nilitoka nje. Kuna maneno ambayo hata ndugu hapaswi kuyashuhudia.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Wiki ya tisa, asubuhi ya kliniki, dada aliingia chumbani akamkuta shemeji anahangaika na kifungo cha shati la bluu. Kilikuwa kifungo kikubwa tu. Mtu aliyekuwa akishika skrubu ndogo kama punje ya mchanga alikuwa anakitafuta kifungo kwa kutazama, vidole vinateleza kama vya mtu mwingine.

"Tangu lini?" dada akamwuliza.

"Siku chache. Ganzi. Kama nimevaa glavu."

"Umemwambia sista?"

Shemeji akatikisa kichwa. "Nikimwambia watapunguza dawa. Na picha umeiona mwenyewe. Usiseme, mama. Nakuomba."

Dada alimfunga vifungo vyote sita. Walipotoka kliniki alichungulia daftari. Mbele ya neno "vidole" shemeji alikuwa ameandika "sawa".

Dada alinijia dukani uso umechangamka, na mimi mjinga nikadhani kuna picha nyingine nzuri. Akaniambia habari ya ganzi, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Huyo bibi anampigia simu kila siku, anamwuliza vidole, naye anamdanganya. Mimi ndiye ninayejua. Mimi peke yangu."

"Dada, hiyo ni dawa. Mwambie daktari."

"Ameniomba mimi. Hili ni langu."

Alilibeba lile jambo kama mja mzito. Kila asubuhi alimfunga vifungo. Alimkatia nyama, alimfungulia chupa, alimshikia kalamu iliyokuwa ikimponyoka. Saa nne simu ilipolia hakugonga vyombo tena. Alikaa ametulia, akishona, akimsikia mumewe uani anasema, "Vidole havina shida, sista," na mdomo wa dada ukiwa na kitabasamu ambacho, Mungu anisamehe, kilinitisha. Kibandani shemeji aliacha kupokea saa ndogo. Wateja waliambiwa vipuri havipatikani.

Wiki ya kumi na mbili alishika birika lililotoka motoni, akalishika barabara kwa kiganja chote, akalipeleka hadi mezani. Harufu ndiyo iliyomshtua dada. Malengelenge yalifika ukubwa wa sarafu. Nesi alipoona bandeji kliniki, aliuliza imekuwaje, na kabla shemeji hajajibu dada akadakia, "Ni mimi, sista. Nilimmwagia chai, mkono uliniteleza." Nesi akaandika. Nilipoambiwa niligombana na dada kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nilimwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Akaniambia kilio kikija kitamkuta mkewe, hakitamkuta nesi. Hatukusemeshana siku mbili, mashine zetu zimegusana.

Wiki ya kumi na nne shemeji alikuwa ndani anatundikiwa dripu, na dada amekaa kwenye benchi la koridoni. Pembeni yake alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi, anafuma sweta ya mtoto. Wakaanza kuongea, kwani dada hawezi kukaa karibu na mtu anayeshika uzi asiseme neno. Mwalimu alikuwa na saratani ya mfuko wa nyongo. Naye alikuwa ameingia kwenye majaribio.

"Mimi kundi la nne," alisema. "Tunawasubiri ninyi wa tatu mmalize mzunguko. Nasikia mmevumilia vizuri, hata ganzi hampati. Ndiyo maana sisi watatupandishia dozi."

"Nani kasema hatupati ganzi?" dada aliuliza.

"Si ndivyo mlivyojibu? Daktari alinieleza. Walikuwa wanaihofia hiyo hasa, lakini haijaonekana." Akainua sweta, akahesabu mishono kwa ncha ya kidole. "Nimeshukuru. Mimi bila vidole nitaandikaje ubaoni?"

Dada anasema hakukumbuka kuinuka. Alikumbuka tu kwamba amesimama mbele ya meza ya nesi, na nesi ameacha kuandika.

"Sista, mume wangu vidole vyake vimekufa ganzi. Hawezi kufunga kifungo. Ule mkono haukumwagikiwa chai, alishika birika la moto asihisi. Nilikudanganya."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tisa."

Nesi alivua miwani, akaishika mkononi. Dada alikuwa amejiandaa kufokewa, tena nadhani alitamani, maana ukifokewa unapata cha kujibu. Nesi hakufoka.

"Wiki tano," alisema. "Nimemwuliza kila siku. Nilidhani ananiambia kila kitu."

"Na mimi nilidhani hivyo," dada akasema.

Wakatazamana, wanawake wawili wazima, kila mmoja ameshika nusu ya mtu yuleyule. Dada alikiri kwangu baadaye kwamba hata pale, pamoja na aibu yote, kuna sehemu ndani yake ilifurahi kuona uso wa yule mwanamke ukianguka. Nami naiandika kwa sababu alitaka iandikwe.

Daktari aliitwa. Walimfumba shemeji macho kwa kitambaa, wakamgusa vidole kwa pamba, kwa ncha butu ya sindano, kwa chuma kinachotetemeshwa. Katika miguso kumi alihisi mitatu. Wakawaita tena wenzake wote wa kundi la tatu na kuwapima vilevile badala ya kuwauliza tu. Wawili zaidi walikuwa nayo, nao walikuwa wamenyamaza, kila mtu kwa hofu yake. Vidonge vya shemeji vilisimamishwa wiki tatu, kisha akarudishiwa nusu. Kundi la nne halikupandishiwa. Lilipewa dozi ya kundi la pili.

Shemeji hakumsemesha dada siku nne. Siku ya tano, akivishwa shati, alisema, "Umeniuza."

"Nimekuuza," dada alijibu. "Inua mkono."

Hakuna aliyejua kama kupunguza kungemwua. Picha iliyofuata tuliisubiri kama hukumu. Uvimbe haukupungua zaidi, lakini haukukua. Ukakaa hivyo miezi kumi na moja, jambo ambalo daktari mwenyewe alisema hakulitarajia kwa kongosho. Ganzi ilipungua, haikuisha. Saa ndogo za mkononi hakuzigusa tena, akawa anatengeneza za ukutani, na kila mwezi alikwenda kwa binti yake kumwona mjukuu aliyezaliwa katika muda ule. Simu za saa nne ziliendelea, lakini nesi alipomaliza na shemeji alisema, "Sasa nipe mama." Dada aliipokea simu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki. Alijibu alichoulizwa, na alichoulizwa tu. Hawakuwa marafiki. Siku shemeji alipomsifu nesi kwa kukumbuka siku yake ya kuzaliwa, dada alichoma kitambaa cha mteja kwa pasi.

Saratani ilianza kukua tena mwezi wa kumi na tano. Shemeji akatolewa kwenye majaribio, akapewa dawa za maumivu, akakaa nyumbani. Katika wiki zile za mwisho aliongea. Sijui kama alikuwa amezoeshwa na yale maswali au ni kufa tu kunakomfungua mtu mdomo. Alimwambia dada mambo ya utotoni kwake, akamwambia anaogopa, akalia mbele yake bila kufungulia maji popote. Dada hakuacha kula. Alikaa kando ya kitanda akisikiliza, na kwa mtu kama yeye, kutojibu ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona koti. Shemeji alikufa siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, dada amemshika mkono. Dakika chache kabla, dada alimwuliza kama anauhisi. Akasema anahisi kidogo.

Mwaka uliofuata familia ziliitwa kusikia matokeo. Watu thelathini na mmoja walikuwa wameingia. Tisa uvimbe wao ulipungua, wengine kumi ulisimama kwa muda, waliobaki haikuwasaidia kitu. Dozi salama ilikuwa ya kundi la pili, na kutoka hapo wangefanya utafiti mkubwa zaidi. Daktari alisema fomu mpya ingekuwa na ukurasa wa mtu anayeishi na mgonjwa, aulizwe naye. Mwalimu hakuwepo. Mumewe alikuja, na mtoto mdogo amevaa sweta. Dada hakumwuliza lolote, nami sikumwuliza.

Tunashona mpaka leo, mashine kwa mashine. Juzi tulikuwa tunapinda mapazia, nikamwuliza, kama angepewa nafasi ya kuanza upya, je, angesema wiki ileile ya tisa alipojua? Alikata uzi kwa meno, akanyoosha upindo kwa kiganja.

"Ya kumi na moja," alisema. "Wiki mbili wangeniachia, ziwe zangu."